Somo Yangu Alirudi Kutangua Fundisho

Usiku ule nilikuwa nimejifukiza mara mbili. Mara ya kwanza baada ya magharibi, kama kawaida yangu, na mara ya pili baada ya isha, kwa sababu harufu ilirudi kabla makaa hayajazimika. Nilisimama juu ya chetezo, kanga nimeifunga kifuani na kuiacha ishuke mpaka chini izuie moshi, nikavumilia mpaka udi ukaniuma macho. Kisha nikalala. Mume wangu alikuwa Handeni wiki ya pili hiyo, ananunua mahindi, na nitasema kweli: nilimshukuru Mungu kwamba hayupo.

Kwanza mnijue. Mimi ni kungwi. Hapa mtaani kwetu Muheza msichana akishaposwa, mama yake huja kwangu na doti ya kanga na udi kidogo, akasema, "Bi Tatu, nimekuletea mtoto." Basi mtoto huyo huwa mwali wangu, nami huwa somo yake mpaka mmoja wetu aingie kaburini. Namfundisha usafi wa mwili, namfundisha kukaa na mume, namfundisha mambo ambayo mama yake mzazi akijaribu kuyasema atazimia kwa haya. Mimi siyaonei haya. Watu husema nina mdomo, na siukatai. Nimewachekesha wasichana waliosoma vyuo mpaka wakajifunika nyuso kwa kanga.

Nami nilikuwa na somo yangu, Bi Mwanahawa. Ndiye aliyenifunda nikiwa msichana, na ndiye aliyenirithisha kazi. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi, mwenye sauti ya chini ambayo ukiisikia unaacha unachokifanya. Nilimpenda kuliko shangazi zangu wote kwa pamoja. Mwisho wa maisha yake alijifungia ndani, akawa hatoki, na chumba chake kinafuka udi tangu asubuhi. Sisi tukasema, Bi Mwanahawa huyo, hata uzeeni hajaacha mambo yake. Tukacheka. Kumbe alikuwa mgonjwa. Amefariki mwaka wa tisa sasa. Watu waliponiuliza kilichomuua, niliwaambia ni tumbo.

Katika mafundisho yake kulikuwa na moja ambalo mwali alilisema kwa kiapo, mkono juu ya goti la somo yake. Bi Mwanahawa anauliza, "Mahali pale panaonwa na nani?" Mwali anajibu, "Na mume wangu nikiwa hai, na mwosha maiti nikifa." Anauliza tena, "Na mwingine?" Mwali anajibu, "Hakuna mwingine." Nilipofundwa mimi, kwa ule mdomo wangu, nilimwuliza, "Na mkunga je?" Akanifinya paja. "Mkunga anamwangalia mtoto," akasema, na mjadala ukaishia hapo. Fundisho hilo nami nimewafundisha wali wangu wote, kwa kiapo kile kile, bila kupunguza neno.

Sasa, tangu miezi mitano nyuma, nilikuwa natoka damu. Si hedhi. Ni damu kidogo ya nje ya siku zangu, na nyingine baada ya kulala na mume wangu, na maji maji yenye harufu ambayo mimi, mjuzi wa harufu zote za wanawake, sikuijua. Niliijaribu kwa kila dawa ninayowapa wengine. Nikajiosha, nikajifukiza, nikaanza kuvaa kanga za rangi nzito. Mume wangu nikamwambia kiuno kinaniuma. Sikumwambia mtu mwingine yeyote.

Na mchana wa siku ile niliyojifukiza mara mbili alikuja Rehema. Rehema ni nesi wa zahanati yetu, na miaka sita iliyopita alikuwa mwali wangu. Alinikuta uani na wanawake wapatao kumi, tunasaga mti wa liwa wa kumsinga mwili Salma, mwali wangu mpya, ambaye harusi yake ilikuwa inakaribia. Rehema akapiga magoti akanipa shikamoo, akasema kesho zahanati inapima wanawake saratani ya mlango wa kizazi, naye anaomba, kwa vile wanawake wananisikiliza, niwahimize.

"Ni dakika chache tu, somo," akasema. "Tunapaka siki kidogo, tunasubiri, tunatazama. Mahali palipoanza kuharibika panageuka peupe. Pakiwa padogo tunaweza kupatibu siku hiyo hiyo. Tusipoweza, tunamwandikia mtu aende hospitali ya mkoa. Ugonjwa huu unaanza kimya, mtu hasikii lolote, ndiyo maana tunataka kuwatazama hata wazima."

Nikawaona wanawake wawili watatu wanaanza kuitikia kwa kichwa, wanakubali. Mama yake Salma akauliza saa ngapi.

Hapo sijui shetani gani aliniingia. Namjua. Ni woga. Nikacheka kwa sauti, nikasema, "Rehema mwanangu, nilikufundisha nini mimi? Mahali pale panaonwa na nani?"

Akanitazama. Hakutaka. Lakini mwali hawezi kumkatalia somo yake mbele za watu. Akasema, macho chini, "Na mume wangu nikiwa hai, na mwosha maiti nikifa."

"Na mwingine?"

"Hakuna mwingine, somo."

"Basi rudi na siki yako ukatie kachumbari," nikasema, na uani mzima ukaangua kicheko. Mama yake Salma naye akacheka, na habari ya saa ngapi ikaishia hapo. Rehema akainuka. Nilimsindikiza hadi mlangoni kwa sababu nilikuwa nimeanza kuona vibaya. Akanusa hewa ya ndani, akanitazama sana. "Somo, siku hizi unafukiza mchana," akasema polepole. Nikamjibu udi ni wangu. Akasema, "Kesho nitakuwepo kuanzia saa mbili," akaenda zake.

Ukweli ni huu, na naona aibu kuuandika. Haikuwa kiapo tu. Ni kwamba nikienda, Rehema ndiye atakayenitazama. Mimi nimemwona Rehema akiwa mwali, nimemsinga, nimemwogesha, nimemfundisha. Somo humtazama mwali. Mwali hamtazami somo yake, hata siku moja. Nilijilaza na aibu hiyo na woga huo, udi ukiwa bado kwenye nguo zangu, na sijui nilisinzia saa ngapi.

Nikasikia jiwe. Jiwe juu ya jiwe, mtu anasaga liwa. Nikajua nimechelewa, kuna mwali ananisubiri, nikainuka nikaenda chumba cha ndani. Nyumba ilikuwa yangu lakini chumba kilikuwa cha Bi Mwanahawa, nami sikushangaa. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye mkeka, amenipa mgongo, kanga imemteleza begani kama ilivyokuwa ikimteleza siku zote. Sikukumbuka kwamba amekufa. Niliona furaha kubwa, na nyuma ya furaha nikaona woga, na sikujua unatoka wapi.

"Kaa," akasema bila kugeuka.

Ninakaa. Nanyoosha miguu, najifunika kanga kichwani, nainamisha macho, kama mwali anavyokaa. Miguu ninayoiona ni yangu ya sasa, miguu ya mwanamke wa miaka arobaini na minne, lakini kanga niliyojifunika ni ile niliyovaa nilipowekwa ndani nikiwa msichana. Nilikwisha kuitoa sadaka zamani. Jiwe linasaga. Mgongo wake unakwenda mbele, unarudi nyuma.

"Mahali pale panaonwa na nani?"

Najibu upesi, mwanafunzi hodari, "Na mume wangu nikiwa hai, na mwosha maiti nikifa."

Jiwe linasimama.

"Rudia," anasema.

Narudia. Anasaga mara mbili tatu, anasimamisha tena.

"Rudia."

Mara ya tatu sauti yangu inakwama kati ya mume na mwosha maiti. Najikohoza, haitoki. Ndipo naanza kunusa. Chumba cha Bi Mwanahawa kilikuwa na harufu ya udi tangu kuta mpaka mito. Sasa kinanuka siki. Siki kali, inayopanda puani na kuleta machozi. Nachungulia chini ya kanga, natazama jiwe lake. Hakuna liwa. Anasaga jiwe tupu, na vidole vyake vimechubuka.

Nikainua kichwa nimwulize, na mkeka haupo. Tuko uani kwake, mchana mkali. Shuka nne zimetandazwa kuzunguka, kila pembe imeshikwa na mwanamke. Nazijua shuka hizo. Ni siku tuliyomwosha. Mimi nilikuwa mmoja wa wale watatu tuliomwosha Bi Mwanahawa, na niliyoyaona siku ile niliyafunga kifuani, kwa sababu mwosha maiti hasemi alichokiona. Mwili ule ulikuwa umeharibika kwa muda mrefu, mahali pale pale. Udi wote ule ulikuwa wa kuficha. Nilielewa yote siku ile, nikiwa nimeshika kata ya maji, na nilipotoka nje kwa waliokuwa wakilia nikasema ni tumbo.

Sasa nimesimama tena mahali pale, kata mkononi. Kwenye kitanda cha kuoshea kuna mtu amelala, amefunikwa gubigubi. Najisemea, huyu ni somo yangu. Lakini somo yangu amekaa kichwani pa kitanda, mzima, ananiangalia. Nageuka kuwaangalia wanawake walioshika shuka. Nyuso zimefunikwa. Nawatambua kwa mikono. Huu mkono wenye hina mbichi ni wa Salma. Huu wenye kovu la mafuta ya moto ni wa mama yake. Ni wali wangu na mama zao, wote wapo, wananisubiri mimi nifanye kazi.

"Mwagia," anasema Bi Mwanahawa.

Nachota. Maji yangepaswa kunuka mkunazi na karafuu maiti, lakini ni siki. Namwagia juu ya kile kitambaa. Kwanza hakuna kitu. Tunasubiri. Halafu katikati ya kitambaa panatokea doa jeupe, dogo, kisha linatanuka, polepole, mbele ya macho yetu.

Nje ya shuka mtu anauliza, sauti ya mwanamke, "Amekufa na nini?"

Na sauti yangu inajibu, "Tumbo."

Sikufungua mdomo. Naapa sikufungua mdomo. Sauti ilitoka yenyewe, ile sauti yangu ya kuwachekesha watu.

"Huyu naye amekufa na nini?" anauliza mwingine.

"Tumbo," inajibu sauti yangu.

"Na huyu?"

"Tumbo."

Huyu yupi? Naangalia, kitanda ni kimoja na mtu ni mmoja. Lakini wanauliza, na kila anapouliza mmoja, mkono mmoja unaachia pembe ya shuka. Wananiondokea. Natupa kata, naziba mdomo kwa mikono yote miwili, na sauti inaendelea kusema nje ya vidole vyangu. Nilitaka kulia na sikuweza hata hilo.

Kisha pakawa na moshi, na ndani ya moshi pakawa na kitanda chake cha samadari, na yeye amelala juu yake jinsi alivyokuwa miezi ile ya mwisho, amekonda, mashavu yameingia. Nimesimama mlangoni na bakuli la uji. Hili lilitokea kweli. Nilikuwa nikimletea uji, nikauweka kizingitini, nikaenda zangu, kwa sababu alisema hataki mtu aingie. Katika ndoto naingia. Sijui nani kanisukuma. Moshi unanikaba, nasogea mpaka miguuni pake.

"Tatu," anasema. "Nitazame."

Najua anachomaanisha. Natikisa kichwa. "Mwali hamtazami somo yake."

"Kasema nani?"

"Wewe."

Anafumba macho. Hayafumbui, mpaka nadhani amekwisha kufa tena, na hofu inanishika kwamba nimemkosa mara ya pili. Halafu anasema, kwa ile sauti ya chini:

"Nilifundishwa, nami nikawafundisha. Nililala humu nikisubiri mtu mmoja aingie anitazame. Na wote nilikuwa nimewafunda wasitazame."

Hapo nililia. Nililia kwa kilio kile ambacho sikumlilia siku ya mazishi, kwa sababu siku ile nilikuwa na kazi na siri. Nikaweka bakuli chini. Nikapiga magoti miguuni pa somo yangu, nikashika upindo wa kanga yake, nikaufunua, nikatazama.

Nilitarajia kuona yale niliyoyaona kwenye kitanda cha kuoshea. Sikuyaona. Mwili ulikuwa mzima, mwili wa mwanamke wa makamo tu, na ndani yake, mbali, kuna doa jeupe kadiri ya punje ya mchele.

"Ni dogo," nikasema. Nikainua uso, nimechangamka, nataka kucheka. "Somo, mbona ni dogo!"

"Lilikuwa dogo," akasema. "Mwaka baada ya mwaka lilikuwa dogo."

Akanishika kifundo cha mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto, si wa maiti. "Kiapo kile nimekitangua. Nimekitoa kwako na kwa wote uliowaapisha. Na ulichokiona mwilini mwangu ni changu, nami nakupa ukiseme. Waambie nilikufa na nini."

Nikataka kumwuliza, na mimi? Langu likoje? Ni dogo bado? Swali lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini tayari yuko kichwani pa kitanda cha kuoshea, na jua ni kali, na shuka zimerudi, na wanawake wote wamerudi kushika pembe. Ninawatafuta kwa macho na siwaoni vizuri, kwa kuwa nawaangalia kutoka chini. Juu yao naona mbingu. Mgongoni nasikia mbao.

Mtu ananiinua bega, kwa upole, kama tunavyowainua. Mwingine ananifungua nywele. "Polepole," nasikia Salma anasema, "msimwumize." Nasema, mimi ni mzima. Hawasikii. Nasema tena, kwa nguvu, mimi ni mzima, niacheni, bado ni dogo! Hawanijibu, kwa sababu mwosha maiti haongei na anayemwosha, mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha hivyo. Kata inachotwa. Naisikia ikigonga ukingo wa ndoo. Nje ya shuka sauti inauliza amekufa na nini, na safari hii nasubiri nani atajibu, na hakuna anayejibu, kwa kuwa hakuna anayejua. Hakuna niliyemwambia.

Nikaamka kwa ukelele wangu mwenyewe.

Adhana ya alfajiri ilikuwa inasomwa. Nilikuwa nimelowa jasho, na kanga niliyojifunga ilikuwa na damu, si nyingi kuliko siku nyingine. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikaiangalia, kwa mara ya kwanza bila kuikunja upesi. Nilikuwa naogopa, na woga ule haukuwa wa ndoto. Ulikuwa wa ugonjwa. Kwa miezi mitano nilikuwa nimeuita aibu, na adabu, na kiapo.

Nikaoga kwa maji matupu. Nikaswali. Kwa kuwa nilikuwa natoka damu nisiyokuwa na hakika na hukumu yake, sijui kama ilikuwa sawa, lakini niliomba kile nilichokuwa nacho cha kuomba. Nikajitanda nikatoka.

Bombani wanawake walikuwa wameshafika na ndoo zao, maana maji kwetu hutoka alfajiri yakakatika mapema. Mama yake Salma alikuwepo, na wengine watano sita, karibu wote walikuwa uani kwangu jana yake. Wakaniamkia. Mmoja akanitania, "Bi Tatu, mbona mapema, mume karudi nini?" Wakaanza kucheka kabla sijajibu, wamezoea.

Sikuwa na maneno mazuri. Nikasema tu, "Bi Mwanahawa hakufa na tumbo."

Maji yakawa yanamwagika juu ya ndoo iliyojaa, na hakuna aliyeisogeza.

"Nilimwosha mimi, na niliona. Ni ugonjwa ule aliousema Rehema. Alitoka damu muda mrefu akaificha kwa udi, nasi tukamcheka. Niliwadanganya nyote. Na lile fundisho nililomwapisha kila binti yenu, nimelitoa. Bi Mwanahawa mwenyewe amelitoa."

"Amelitoa lini?" akauliza mama yake Salma, amenikodolea macho.

"Usiku huu."

Hakuna aliyecheka. Kwetu mtu akileta ujumbe wa namna hiyo watu hawamwulizi mara mbili. Mama yake Salma akafunga bomba. "Bi Tatu," akasema taratibu, "na wewe udi wako wa mchana?"

Nikawaambia. Mbele yao wote, pale bombani, nikasema miezi mitano, nikasema damu, nikasema harufu. Mimi mwenye mdomo, maneno yalinitoka moja moja. Mama yake Salma alinishika kiwiko, akataka twende pamoja zahanati ikifunguliwa. Nikamwambia aende na wenzake saa mbili. Mimi kuna mtu nilimwaibisha, na sikutaka kukutana naye nikiwa kwenye foleni.

Rehema anakaa nyumba ya tatu kutoka msikitini. Nilifika kwake bado kuna giza giza. Njiani nilisimama mara mbili nikataka kurudi. Mara ya pili niligeuka kabisa, nikapiga hatua nne tano kuelekea nyumbani, nikijiambia saa mbili ni karibu, nitakwenda na wengine, hakuna haja ya haya. Nilijua kwamba nikifika nyumbani sitatoka tena. Nikageuka.

Nikabisha hodi. Nilisikia kikombe kimewekwa chini, ndala zinaburuzwa, komeo linavutwa. Rehema alikuwa na mswaki mkononi na povu la dawa ya meno pembeni mwa mdomo. Aliponiona mimi, somo yake, mlangoni kwake saa hiyo, nimejitanda mpaka chini, alijishika kwenye mwimo wa mlango. Kwetu hodi ya alfajiri ni ya habari moja tu.

"Nani amefariki, somo?" akauliza.

"Hajafariki mtu," nikamwambia. "Nimekuja unitazame."